Sauti ya Nyuma Kushoto

Mama Unga alirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya mapaa ya majirani. Alivua kandambili mlangoni, akakung'utia kitambaa cha kichwa dirishani, akanawa uso, na bado kope zake zikabaki nyeupe. Kisha akaketi kwenye kiti chenye mto wa bluu, akasema maneno aliyoyasema kila siku akifika hapo: "Niache kidogo, masikio yapumzike." Akasinzia palepale, mdomo wazi, viganja vimefunguka mapajani kama mtu anayesubiri kupewa kitu.

Haki ya kuchoka alikuwa nayo. Mashine ya kusaga aliyokuwa akiiendesha ilikuwa ya zamani, mota yake iko upande wa kushoto, na mtu akisimama pale kumimina nafaka kelele humwingia kwa sikio la kushoto na kuhangaika kutafuta pa kutokea. Miaka ilivyokwenda, sikio hilo likachoka kuifungulia mlango. Daktari alilichungulia kwa kurunzi, akasema limekufa, na Mama Unga akamwomba azunguke upande wa pili ayarudie maneno hayo kwa lile lililo hai.

Binti yake aliitwa Kasuku. Jina hilo alipewa na bibi yake, mama wa baba, kwa sababu utotoni alikuwa akisema kuanzia anapofumbua macho mpaka usingizi unapomkatia neno katikati. Bibi alishafariki. Baba alihamia mji mwingine kikazi, akapata huko watu wengine wa kula nao, na simu zake zikawa fupi, halafu zikawa chache, halafu ikawa ni ujumbe wa kuuliza kama wazima. Wakabaki mama na binti, na hilo jina la Kasuku ambalo mgeni akilisikia angedhani ni utani, maana msichana alikuwa hasemi. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, na ndani ya nyumba alitembea kwa soksi.

Jioni ile Kasuku alikuwa na haja moja. Alikuwa ameipachika kadi mpya ya sauti kwenye kompyuta yake kuukuu, na hedifoni kubwa za kufunika masikio, zenye kipaza sauti cha kusemea, alikuwa nazo tayari. Kadi hiyo ilikuwa na kazi ya kumfanya mtu asikie sauti zikimzunguka, nyingine mbele, nyingine ubavuni, nyingine nyuma kisogoni, japo spika ni mbili tu, moja kila sikio. Lakini kabla ya kuanza, programu yake iliomba picha ya sikio la kulia na picha ya sikio la kushoto, ili sauti ipimwe kama nguo inavyopimwa.

Alikuwa amemwomba mama yake ampige hizo picha. Mama alijibu, "Baadaye, mwanangu." Siku iliyofuata akaomba tena, akajibiwa vilevile. Akajaribu mwenyewe kwa kunyoosha mkono nyuma ya kichwa, akapata nywele, bega na kipande cha dari.

Basi akamtazama mama yake aliyelala. Tangu alipozaliwa, kila aliyekuja kumwona mtoto alimfunua, akamkagua vidole, akamgeuza kichwa na kutangaza kwamba masikio ni ya mama yake, kayabeba yote mawili. Hakuna aliyewahi kubisha. Kasuku akasogea kwa soksi zake, akapiga picha sikio la kulia, akazunguka kiti, akapiga la kushoto. Programu ikashukuru.

Mzazi unayesoma haya, simama hapo kabla hatujaendelea. Msichana alikuwa na simu, na kamera, na masikio yake mwenyewe kichwani. Alichokosa ni mtu wa kusimama ubavuni mwake.

Kesho yake Mama Unga alikuwa amemimina ndoo ya mahindi ya seremala mmoja, mteja wake, kwenye mdomo wa mashine, mkanda unazunguka, mfuko wa kupokelea unga umevimba, aliposikia mlango ukifunguliwa nyuma yake upande wa kushoto. Aliusikia kwa sikio lililokufa, vizuri kabisa, mpaka bawaba zake zikilia. Akageuka. Nyuma yake upande wa kushoto palikuwa na ukuta na magunia. Akarudi kwenye kazi yake. Baada ya muda mfupi farasi alikuja mbio kutoka kule kwenye magunia, na Mama Unga akasogea hatua kumpisha.

"Mama Unga, unampisha nani?" seremala akapaza sauti.

"Farasi."

"Wa rangi gani?"

"Sijamwona. Nimemsikia tu."

Seremala akaitikia kwa kichwa, na ndoo yake ya pili akaisogeza pembeni isije ikapigwa teke.

Siku ile zilipita sauti nyingi. Watu walikimbia kwenye kokoto, mvua ikanyesha mkono wa kulia tu, mtu mmoja akapumua karibu sana na shingo yake halafu akaanguka. Mama Unga aliendelea kuchekecha na kufunga mifuko. Bibi wa kona, mteja wake wa siku nyingi ambaye alikuwa akikaa kwenye benchi hata asipokuwa na cha kusaga, aliposimuliwa alisema hilo si geni. Marehemu mume wake aliwahi kuvaa meno ya bandia yaliyopimiwa mtu mwingine, akawa anatamani vyakula asivyovijua majina, na ndivyo alivyoishi mpaka akazikwa nayo.

"Sasa wewe umevaa nini cha mtu?" bibi akauliza.

Mama Unga akajitazama kuanzia kifuani hadi miguuni. Kila kitu kilikuwa chake.

Ukiachilia hayo, mashineni Mama Unga alikuwa mtu wa maneno. Jambo hili lazima lisemwe, maana nyumbani halikujulikana. Katikati ya zile kelele alikuwa akizungumza kwa sauti ya kuvunja dari, akiwapa watu majina ya utani, akimuuliza huyu mguu wake, yule mtihani wa mwanawe, akimwambia seremala kwamba kitanda alichomtengenezea jirani kinaongea kuliko wanaokilalia. Wateja walicheka wakashika mbavu. Wengine walileta nafaka kidogo kidogo makusudi, wapate kurudi. Mtoto yeyote aliyetumwa pale alijua kwamba Mama Unga atamuuliza jambo, na kwamba atasubiri ajibiwe.

Baada ya siku za farasi na kokoto, sauti zikabadilika. Asubuhi moja Mama Unga alisikia kijiko kikizungushwa ndani ya kikombe, mbele kidogo, kulia. Halafu kiti kikavutwa. Halafu mwanamume akakohoa kikohozi kikavu na kuuliza, "Nani ameona miwani yangu?"

Mikono ya Mama Unga ikasimama juu ya nafaka. Miwani hiyo alikuwa ameitafuta chini ya vitanda na juu ya makabati kwa miaka yote ya ndoa yake. Mume wake alikuwa amekaa pale, mbele kulia, karibu na mizani, ingawa kwa macho palikuwa na debe tu.

Kisha nyuma, kushoto, kandambili zikaburuzwa taratibu, na mama mkwe wake akapita akiimba wimbo wake usio na maneno, ule aliokuwa akiuimba akitafuta sindano. Alipita polepole nyuma ya mgongo wa Mama Unga, akaenda mpaka upande wa pili, akasema, "Hapa kuna baridi, fungeni huo mlango." Mama Unga akaenda akaufunga mlango wa mashine. Wateja waliokuwa nje wakasubiri.

Ilikuwa ni nyumba. Nyumba yao ilivyokuwa zamani, yenye watu, imepangwa kumzunguka. Kasuku, alipochoka na michezo ya kompyuta yenye farasi na kokoto, alikuwa amezikusanya sauti hizo kutoka kwenye simu za zamani zilizokaa kwenye droo moja, jumbe za baba alizotuma akiwa safarini, vipande alivyorekodi utotoni akichezea simu ya bibi, akazisafisha moja moja na kumweka kila mtu mahali pake. Mama Unga hilo hakulijua bado. Alijua tu kwamba ana wageni, na kwamba ni wake. Siku hizo alikwenda kazini kabla ya muda. Bibi wa kona alimwambia uso wake umenawiri, akamuuliza kama kuna mposaji. Mama Unga akasema ni mavumbi.

Alimsikiliza mama mkwe akipita, akamsikiliza mumewe na miwani yake. Alitega sikio amsikie Kasuku. Utotoni mwake hapakuwa na dakika ya nyumba ile isiyokuwa na sauti ya Kasuku, lakini katika nyumba hii hakuwemo. Wala yeye mwenyewe, Mama Unga, hakuwemo. Kwa upande wake aliona ni sawa, saa hizo angekuwa kazini.

Fundi wa kompyuta alikuwa mteja pia. Alikuja na ndoo yake, akamkuta Mama Unga amegeuza uso ukutani anatabasamu, akamuuliza kulikoni. Akaelezwa yote bila haraka, mashine ikizunguka. Fundi alisikiliza kama anavyosikiliza habari ya kompyuta isiyowaka, akauliza kama nyumbani kuna mtu mwenye hedifoni. Akauliza kama zilipigwa picha za masikio. Mama Unga akasema hajui, ila aliwahi kuombwa kupiga.

"Basi walikupiga wewe," fundi akasema. "Sauti inakwenda kwenye masikio iliyopimiwa. Haina kosa hapo."

Akamweleza kwa mikono. Mtu akiitwa kutoka kushoto, sauti hufika sikio la kushoto mapema kidogo, na ikifika la kulia imeshachoka kwa kukizunguka kichwa. Tena sikio lina mikunjo, na kila mtu ana yake, na sauti ikipita kwenye mikunjo hiyo hupata sura ambayo ubongo wa mwenyewe tu ndio unaijua. Kadi ya sauti huigiza hayo yote. Huichelewesha hii, huififisha ile, na kichwa hukubali kwamba kuna mtu nyuma. Ukiipa mikunjo ya mtu mwingine, kichwa kinachoamini ni cha huyo mwingine.

"Na mwenye kuvaa hedifoni anasikia nini?" Mama Unga akauliza.

"Ya kwako. Sauti haziwezi kukaa bila pa kukaa, mmebadilishana. Atakuwa anasikia mashine." Fundi akainua ndoo yake. "Mashine na maneno yako. Ukitaka kurekebisha ni rahisi, apigwe picha masikio yake mwenyewe. Kazi ya kufumba na kufumbua."

Fundi akaondoka. Mama Unga akabaki na mifuko ya watu, akaanza kurudia kichwani aliyoyasema tangu siku ya farasi. Vichekesho vyote. Mtoto wa jirani aliyempongeza kwa kufaulu hesabu, na kumshika shavu. Alikumbuka pia bibi wa kona alivyomuuliza habari za Kasuku, naye akajibu kwa kujisifu, kwa sauti ile ya kuvunja dari, kwamba yeye Mungu amempa mtoto asiyemsumbua, yuko chuoni, na akiwa ndani ya nyumba humjui kama yupo.

Halafu likamjia la pili, akakaa chini juu ya gunia. Mume wake huanza kutafuta miwani asubuhi, baada tu ya yeye kuwasha mashine, na mama mkwe huburuza kandambili mpaka adhuhuri. Kila siku ya wiki. Na hedifoni zenyewe zimeunganishwa na waya kwenye kompyuta iliyo nyumbani, kwenye meza ya chumbani. Kasuku hakuwa akienda chuo.

Jioni alifika nyumbani, akavua kandambili, hakukung'uta kitambaa. Kasuku alikuwa jikoni anaosha masufuria, hedifoni zimemning'inia shingoni, waya wake unaburuzika. Walitazamana. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Mama Unga alikuwa amepanga njia nzima maneno ya kusema, na mengi yalikuwa mazuri. Lakini nyumba ilikuwa kimya, na katika kimya kile maneno yake yalikuwa kama mota iliyochomokwa na mkanda, yanazunguka huko peke yake bila kuvuta kitu.

"Lete simu," akasema mwishowe. "Nikupige picha za masikio."

Kasuku alikausha mikono kwa taulo, kidole kimoja kimoja. Akazikusanya nywele akazishikilia juu ili mama yake aone. Mama Unga akasogea. Yalikuwa masikio madogo, yamelala karibu na kichwa, na la kulia lilikuwa na kikovu kidogo juu kabisa. Kikovu hicho hakujua kilitoka wapi. Hayakufanana na yake hata kidogo. Wageni wote wale walisema tu kwa kuwa walitakiwa kusema kitu.

Kasuku akaziachia nywele.

"Baadaye, Mama," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemrudishia mwenye mali mali yake, akageukia masufuria.

Asubuhi yake mashine ilizunguka kama kawaida. Mume hakukohoa. Mama mkwe hakupita. Mama Unga alimimina ndoo ya bibi wa kona huku sikio lake lililokufa likisubiri, na hatimaye nyuma kushoto, pale penye magunia, pumzi ikavutwa, na sauti ikasema karibu sana, kama ya mtu aliyeegemea bega lake:

"Mama. Sijaenda chuo tangu mvua zianze."

Mama Unga hakugeuka. Alijua palikuwa na ukuta.

"Nilikuwa nikikaa darasani naona kama nimefunikwa na ndoo," sauti ikaendelea. "Mtu akisema nami nasikia mwisho wa sentensi tu. Nikarudi nyumbani. Nyumbani nako hakuna mtu. Nilipoanza kukusikia huko kazini, nikasema nitakaa nikusikilize siku moja tu. Unachekesha, Mama. Sikujua kama unachekesha."

Unga ulikuwa unajaa mfukoni na kuanza kumwagika sakafuni. Bibi wa kona alionyesha kwa kidole, akakirudisha alipouona uso wa Mama Unga.

"Nimesikia," Mama Unga akasema, kwa sauti ya juu, ile ya mashineni.

"Mimi sijasema kitu," bibi wa kona akasema.

"Si wewe, bibi. Naongea na mwanangu." Bibi akasogea kwenye benchi kumpa nafasi huyo mwana.

Siku ile Mama Unga alisema mengi. Alisaga, akapima, akafunga mifuko, na katikati ya kazi akawa anasema na ukuta wa nyuma kushoto. Aliuliza kile kikovu cha sikio kilitoka wapi, akajibiwa ni msumari wa mlango, zamani, siku ambayo Mama alikuwa amelala. Alimwambia kwamba hata yeye jioni akifika nyumbani humwona kila mtu kama yuko nyuma ya gunia. Alimwambia chuo watakwenda pamoja kuongea na walimu, na kama ni chuo kingine, basi kingine. Alimwambia kuna chakula kwenye sufuria yenye mfuniko wa kijani, ale, asisubiri. Sauti ikasema sawa, Mama. Mara moja ilicheka, na kile kicheko kilizunguka kutoka kushoto hadi kulia kama kandambili za marehemu, na Mama Unga akasimama na kopo la kupimia hewani mpaka kilipoisha. Wateja walisubiri zamu zao. Seremala alitoa salamu zake, akaomba zifikishwe.

Alirudi nyumbani jua likiwa juu ya mapaa. Alikuwa amenunua machungwa. Alinawa uso, kope zikabaki nyeupe. Meza ilikuwa imeandaliwa, sahani mbili, na Kasuku amekaa upande wake, bila hedifoni, mikono juu ya meza, anamtazama mama yake mdomoni.

Mama Unga akaketi kwenye kiti chenye mto wa bluu. Nje mtu alipita na baiskeli. Maji yalidondoka kwenye bomba, yakadondoka tena. Akafungua kinywa kumuuliza mwanawe ameshindaje, na maneno yakatoka yenyewe kama yalivyozoea kutoka akiwa amekaa hapo:

"Niache kidogo, masikio yapumzike."

"Sawa, Mama," Kasuku akasema.

Wakala. Kasuku alimenya chungwa, akaligawa, nusu akaiweka kwenye sahani ya mama yake. Kisha akaenda chumbani kwa soksi, na mlango ukafungwa bila kusikika.

Picha za masikio hazijapigwa mpaka leo. Chuoni hawajakwenda, ingawa mashineni wamekubaliana siku mara nyingi, na nyumbani ikifika jioni hakuna anayekumbushia. Fundi wa kompyuta alionya kwamba mashine ya kusaga ikizunguka tupu hujila yenyewe, nyundo zake za kupondea nafaka hugongana na chujio likatoboka. Mama Unga alimsikiliza, akamshukuru.

Hata hivyo kila asubuhi hutoka nyumbani mapema, kabla mteja yeyote hajaamka, Kasuku akiwa bado nyuma ya mlango wake. Hufungua kufuli, husogeza magunia yasizibe ule upande wa nyuma kushoto, na kuiwasha mashine bila punje hata moja ndani. Kelele zikishajaa chumba chote, husafisha koo na kusema kwa sauti, "Haya, mwanangu. Umeamkaje?"